Juzuu ya Pili ya Sensa ya 2019: kitabu cha bure ambacho kila kamati ya Lamu yafaa iwe nacho

Juzuu ya Pili ya matokeo ya sensa ya Kenya ya 2019 ndicho kitabu ninachokifungua zaidi katika kazi yangu, na hunisikitisha kuona wenzangu wengi wa kamati za maji, za shule na za zahanati hapa Lamu hawakitumii. Kimetolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, kimewekwa bure kwenye tovuti, na ndani yake kila kata na kila kata ndogo ya Kenya ina mstari wake. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kisiwa cha Pate. Kazi yangu ni kuandika maombi: ya jabia (viwanja vya kuvunia mvua), ya matangi, ya kukarabati visima. Kwa hiyo nitakipima kitabu hiki kwa kazi hiyo, nikisema kinafaa wapi na kinapwaya wapi.

Kwa asiyekijua, watu walihesabiwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, na matokeo yakatolewa kwa juzuu kadhaa. Ya kwanza inaishia kwenye kaunti na kaunti ndogo. Ya tatu ni ya umri. Ya nne ni ya maisha yenyewe: paa, taa, maji, elimu, kazi. Hii ya pili inashuka ngazi zote za utawala kuanzia kaunti, kaunti ndogo, tarafa, kata hadi kata ndogo. Kila mstari unakupa wanaume, wanawake, jumla, idadi ya kaya, ukubwa wa ardhi kwa kilomita za mraba na msongamano wa watu. Maneno ni machache, majedwali ndiyo mengi. Anayetafuta masimulizi hatayapata humu.

Nianze na tulichoandikiwa. Kaunti ya Lamu ina watu 143,920. Kati yao wanaume ni 76,103, wanawake 67,813, na huntha (watu wenye jinsia mbili) 4, kwa kuwa sensa ile ndiyo ya kwanza nchini kuwahesabu huntha peke yao. Sisi ndio kaunti yenye watu wachache kuliko zote 47. Wanaotufuata ni Isiolo, nao wako 268,002. Mwaka 2009 tulikuwa 101,539, na mwaka 1999 tulikuwa 72,686, miaka yote miwili tukiwa bado wilaya. Yaani katika miaka 20 tumekaribia kuwa mara mbili.

Tazameni pia ile tofauti ya wanaume na wanawake. Wanaume wamezidi kwa zaidi ya 8,000. Kwa kaunti yenye watu wachache kama yetu hilo ni pengo kubwa, na mimi nalisoma kuwa ni alama ya watu waliokuja kwa kazi: bandari ya Kililana ilikuwa ikijengwa wakati ule, kuna kambi za askari upande wa bara, kuna mafundi na vibarua. Kamati inayopanga maji au dawa kwa kutumia jumla ya kaunti nzima itakuwa imewapangia pia watu ambao familia zao ziko Kitui au Kilifi.

Lakini jumla ya kaunti sicho kinachonipeleka kwenye juzuu hii. Utamu wake huanza unaposhuka ngazi. Lamu Magharibi ina watu 121,662. Lamu Mashariki, ambayo ni kisiwa cha Pate, Kiwayu, Kiunga na vijiji vya msitu wa Boni, ina watu 22,258. Miaka kumi kabla, Magharibi ilikuwa na watu 82,698 na Mashariki 18,841. Fanya hesabu: Magharibi imeongeza karibu watu 39,000, sisi tumeongeza 3,417. Upande mmoja umekua kwa asilimia 47, upande mwingine kwa asilimia 18. Wanaokaa Mpeketoni na Hindi hawatashangaa, maana skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta iliyoanza miaka ya 1970 imekuwa ikivuta wakulima kwa miongo, na barabara ya Garsen kupita Witu sasa ina lami. Kwetu kuingia ni kwa boti, na vijana wetu wakimaliza shule wengi huelekea Amu (mji wa Lamu), Mombasa au Ughaibuni.

Niliposoma mistari hiyo miwili kwa sauti katika kikao cha kamati pale Siyu, Ami mmoja aliyekuwa akisuka kamba alisimamisha mikono. Akauliza, "Mwanangu, hao elfu ishirini na mbili ni sisi na Kiunga pamoja?" Nikamwambia ndiyo Ami, na Waboni wa Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe pia wamo. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi hatuna budi kuandika vizuri, maana kwa wingi hatumshindi mtu." Alikuwa amelishika jambo lenyewe. Mgao wa pesa unaotoka Nairobi kwenda kwenye kaunti hufuata fomula. Katika fomula ya tatu, iliyopitishwa 2020, idadi ya watu ilipewa asilimia 18, ukubwa wa ardhi asilimia 8, na asilimia 20 ikagawiwa sawasawa kwa kila kaunti. Ile sehemu ya sawasawa ndiyo iliyotubeba Lamu. Ndani ya kaunti hakuna mgao wa namna hiyo unaotulinda sisi wa Mashariki mezani, kwa hiyo inatubidi tuingie na hoja iliyokaa kwenye karatasi.

Kuna hesabu nyingine ambayo juzuu hii inakuwezesha kuifanya mwenyewe, nami naona kila Mlamu angepaswa kuijua. Wakenya walikuwa 47,564,296. Maeneo bunge ni 290. Gawanya, upate wastani wa watu 164,015 kwa kila eneo bunge. Kaunti yetu nzima, na maeneo bunge yake mawili, haifiki hapo. Katiba ya 2010, ibara ya 89, inaruhusu maeneo yenye watu wachache yapungue hadi asilimia 40 chini ya wastani, na hata kwa ruhusa hiyo Lamu Mashariki haikaribii. Mapitio ya mipaka ya 2012 yaliyalinda maeneo bunge 27 yasiyofikia kiwango, na letu likiwa miongoni mwao. Kila mapitio yanapokaribia, uvumi huenea barazani kwamba tutaunganishwa na wenzetu. Badala ya kuuachia uvumi, mtu afungue kitabu, aone tumesimama wapi, kisha aende kutoa maoni yake akiwa anajua anachokitetea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kiti cha bunge ni mali ya watu.

Sasa niseme jinsi ninavyokitumia kwa kazi ya kila siku, kwa sababu hapo ndipo kilipojipatia heshima kwangu.

Maji ya Pate, wenyeji mnayajua. Visima vingi vina chumvi, na vile vitamu huchoka kiangazi. Tegemeo letu ni jabia, ule uwanja uliosakafiwa unaokusanya mvua na kuipeleka kwenye tangi la chini. Masika yakiwa mazuri, jabia hujaa. Kisha inakuja kaskazi, Januari hadi Machi, jua kali na mvua hakuna, na kila mtungi wa lita 20 unaobebwa na punda unakuwa na bei. Ofisi inapopokea ombi la jabia jipya, swali la kwanza huwa ni moja: wanufaika ni wangapi? Zamani tulikuwa tukijibu "wanakijiji wote", na jibu la namna hiyo halijengi kitu.

Siku hizi nachukua kata ndogo, naangalia kaya. Tuchukue mfano wa kijiji cha kaya 200 zenye wastani wa watu wanne. Hao ni watu 800. Kiwango cha chini cha dharura kinachokubalika kimataifa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo kijiji kinahitaji lita 12,000 kila siku. Kiangazi cha siku 90 kinahitaji lita 1,080,000. Ukishaandika hivyo, mhandisi hakuulizi tena kama jabia linahitajika, anakuuliza kuhusu mahali, mteremko na ukubwa wa tangi. Mazungumzo yanahama kutoka kwenye huruma na kwenda kwenye kazi. Mabadiliko hayo nimeyaona kwa macho yangu, na ndiyo sababu nakitetea kitabu hiki kwa moyo wote.

Safu ya kaya ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wengi huruka moja kwa moja kwenye jumla ya watu, lakini maji, neti za mbu, umeme wa jua, vyote hugawiwa kwa mlango wa nyumba. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kusoma safu moja tu, soma hiyo.

Baada ya sifa, sasa upungufu.

La kwanza ni msongamano. Lamu imeandikiwa kilomita za mraba 6,253 na watu 23 kwa kila kilomita. Namba hiyo ni sahihi kwa mgawanyo, na bado inaweza kumpoteza mgeni. Ndani ya zile kilomita umo msitu wa Boni, imo hifadhi ya Dodori, yamo mabwawa ya mikoko na nyika zisizo na mtu. Watu wenyewe wamebanana. Ukitembea Kizingitini au Faza utapita kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Mtu wa afya anayesoma "23" akadhani nyumba zetu zimetawanyika atapanga vibaya siku kipindupindu kikiingia. Shuka hadi kata ndogo, ndipo msongamano unapoanza kufanana na mji unaoujua, na hata hapo angalia kama mpaka wa kata ndogo umemeza mikoko.

La pili ni bahari. Jedwali linapanga vijiji kwa utawala, navyo vinaonekana majirani kwa kuwa mistari yao imefuatana. Safari haijui mistari. Kutoka Amu kwenda Pate boti hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa sana boti kubwa husubiri. Ukishuka Mtangawanda bado una safari ya nchi kavu hadi Siyu au Faza. Wakati wa kusi, upande wa Kiwayu na Kiunga bahari huchafuka kiasi kwamba nahodha mwenye akili hukaa nyumbani. Watu wanaotumia juzuu hii kupanga chanjo au mitihani waweke kando yake ratiba ya maji kujaa na kupwa, la sivyo watapanga siku mbili kwa kazi ya siku tano.

La tatu linahusu majira, nami naona ndilo linalosahaulika zaidi. Sensa huhesabu aliyelala mahali usiku ule mmoja, na usiku wenyewe ulikuwa wa Agosti. Agosti bado upepo ni wa kusi. Kaskazi ikiingia, wavuvi huenda dago, wanaweka kambi kwenye fukwe na visiwa vidogo kwa wiki kadhaa, na wavuvi wa Pemba nao hupanda kuja pwani yetu. Kijiji kilichohesabiwa kikiwa kitupu mwezi wa Agosti kinaweza kujaa Januari, ambao ndio mwezi wa maji kuadimika. Ongeza wafugaji wanaoshuka na ng'ombe wao kutoka Garissa na Tana River ukame ukizidi, ongeza mji wa Amu wakati wa Maulidi. Hakuna kosa la karani hapo, ndivyo sensa zinavyofanyika duniani. Ila mimi kwenye maombi yangu huandika mistari miwili: idadi ya sensa, na chini yake makadirio ya kaskazi, nikieleza yametoka kwa nani, kwa kawaida viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, wanaosajili wavuvi. Nimeona maofisa wanaipokea vizuri, kwa sababu umewaonyesha namba yao kwanza kabla ya kuongeza yako.

La nne ni wadi. Kaunti hugawa miradi yake kwa wadi, na wadi za Lamu ni kumi: Faza, Kiunga na Basuba kwa Mashariki, Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari kwa Magharibi. Juzuu ya Pili inafuata ngazi za chifu na naibu chifu, yaani kata na kata ndogo. Mwakilishi wa wadi akikuuliza wadi yake ina watu wangapi, itakubidi ukae na kalamu ujumlishe kata ndogo mojamoja ukiwa unajua mipaka kwa kichwa. Kwa mtu wa hapa si shida. Sehemu kubwa ya Pate, ambayo enzi za wilaya ilikuwa na tarafa mbili za Faza na Kizingitini, leo imo katika wadi ya Faza. Lakini kijana aliyetumwa kutoka Nairobi kuandika ripoti atachanganyikiwa, na nimesoma maandiko yanayoita tarafa wadi na wadi tarafa katika ukurasa mmoja.

Jambo jingine ni lugha. Kitabu kiko kwa Kiingereza peke yake. Majedwali hayahitaji lugha nyingi, lakini zile kurasa za mwanzo zinazoeleza nini maana ya kaya, nani alihesabiwa wapi, na watu waliolala hospitalini au bweni waliwekwa safu gani, ndizo zinazomzuia mwenyekiti wa kamati asikiamini. Kina mama wa kikundi chetu niliwaandikia maelezo hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi moja tukaibandika nyuma ya jedwali. Tangu hapo wanaisoma wenyewe na kubishana nayo, na ubishi wao una faida: Bi mmoja wa Tchundwa ndiye aliyeng'amua kwamba sensa ilifanyika shule zikiwa likizo ya Agosti, wanafunzi wa bweni wakahesabiwa majumbani, kwa hiyo tunapopanga maji ya shule inatubidi tuwaongeze wenyewe.

Kuhusu umri wake, ni kweli kitabu kimeanza kuzeeka. Tangu 2019 bandari imefunguliwa, gati la kwanza likizinduliwa Mei 2021, na Hindi na Mokowe zinakua. Upande wa Boni, usalama umewahamisha watu na kuwarudisha zaidi ya mara moja, shule zikifungwa na kufunguliwa. Kwa maeneo hayo mimi hukitumia kama mwanzo tu, kisha naenda kwa naibu chifu na wazee wa mitaa kuuliza. Kwa Pate mabadiliko ni ya polepole, namba bado zinanifaa.

Je, kuna mbadala? Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano una idadi za makadirio, na unafaa kwa kuwa unagawa mambo kwa wadi, ila makadirio hayo yenyewe yamejengwa juu ya sensa. Daftari la naibu chifu ni zuri kwa majina na familia, ubora wake unategemea mtu. Kurasa za mtandaoni ni za kuchunga sana: nyingi bado zinabeba 101,539 kana kwamba ni ya jana, bila kutaja kuwa ni ya 2009. Nikiona ombi lenye namba hiyo najua mwandishi hakufika kwenye chanzo, na bila shaka ofisa naye anajua.

Ushauri wa matumizi. Faili ni kubwa kwa simu, lipakue mahali penye mtandao wa kuaminika kisha chapisha kurasa za Lamu pekee. Mwambie mwenye duka la kuchapa asiibane kurasa mbili kwenye karatasi moja, maana tarakimu zitakuwa ndogo na 3 na 8 hazitatofautiana. Piga mstari wa rangi kwenye kata ndogo zako. Kila unaponukuu, andika mwaka na juzuu kando ya namba, ili anayekupinga akapinge kitabu kwanza.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa kamati za vijiji, walimu wakuu, wauguzi wa zahanati na vijana wanaotaka kugombea nafasi, ni lazima kiwepo. Kwa mwenye biashara anayefikiria kufungua duka la jumla au kupeleka mitungi ya gesi visiwani pia kitamfaa, akianza na safu ya kaya. Nyota ya tano nitaitoa mwaka 2029, ikiwa sensa ijayo itakuja na jedwali la wadi kando ya la kata, na kurasa za maelezo kwa Kiswahili. Maoni hayo ofisi za takwimu huyapokea, na miaka iliyobaki inatosha kuyapeleka kwa maandishi, kila kamati kwa barua yake.